Uveitisi: jicho jekundu linalorudi kila mara. Tunaoishi nalo Tanga tukutane hapa

FundiMadera_Tanga (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum, na habari za saa hizi wakuu. Humu kuna nyuzi nyingi za presha ya macho na mtoto wa jicho, ila ugonjwa wangu sijaona mtu aliyeufungulia uzi, na kila nikienda kliniki nawakuta wenzangu kwenye benchi. Unaitwa uveitisi.

Nianze na jambo ambalo nataka msomaji aondoke nalo hata akiishia hapa. Jicho jekundu linalouma kwa ndani, linalokimbia mwanga na kuona ukungu, halitibiwi dukani. Ni la daktari wa macho, tena la leo au kesho, si la wiki ijayo.

Ndani ya jicho kuna tabaka lenye mishipa mingi ya damu, ndilo uvea. Sehemu yake ya mbele ni lile duara lenye rangi linalozunguka mboni. Nyuma yake kuna sehemu inayotengeneza maji ya jicho, na nyuma kabisa kuna tabaka linaloilisha retina, ule utando wa ndani unaopokea picha. Tabaka hilo likivimba ndiyo uveitisi, na linaweza kuvimba sehemu yoyote. La mbele likivimba utajua tu, maana jicho linauma na kuiva. La nyuma linaweza kuvimba jicho likiwa jeupe kabisa, bila maumivu, unachoona ni vidoa vinavyoelea na nuru inapungua. Hilo la nyuma ndilo linanitisha zaidi kwa sababu mtu anakaa nalo.

Langu ni la mbele. Linakuja, linatibiwa, linatulia, halafu msimu mwingine linarudi, mara kulia mara kushoto. Mara ya kwanza duka la dawa walinipa matone ya kuua bakteria, yakaisha wakanipa mengine ya aina ileile, na jicho likazidi. Dawa ile haikuwa mbaya, ila haikuhusiana na ugonjwa. Hapakuwa na bakteria wa kuua, ni kinga ya mwili wangu yenyewe inayoshambulia jicho.

Sasa maisha yenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nashona madera na sare za shule hapa Ngamiani. Jicho likiwaka napewa chupa mbili. Ya kwanza ni prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe. Ikikaa, dawa inazama chini na juu yanabaki maji matupu, kwa hiyo naitikisa mpaka iwe nyeupe kama tui. Kuna watu wanadondoshea yale maji ya juu wiki nzima halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Navuta kope la chini, tone moja tu, nafumba bila kukaza, na kidole nabana kona ya jicho upande wa pua dakika kama mbili ili dawa isikimbilie kooni. Nasubiri dakika tano ndiyo naweka ya chupa nyingine, la sivyo la pili linalisafisha la kwanza. Siku za mwanzo ni kila saa. Nimeweka kengele kwenye simu na wateja wameshaizoea.

Chupa ya pili ni atropini, ya kupanua mboni. Hii wengi wanaiona ya ziada wanaiacha, na nawaomba msiiache. Uvimbe ukiwapo, lile duara la rangi linanata kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Likiganda, mboni inabaki na kona kona, haifunguki vizuri tena, na maji ya jicho yakikosa njia presha inapanda. Atropini inaiweka mboni wazi isigande, na inalegeza ule msuli unaokakamaa na kuleta maumivu. Ubaya wake kwa fundi ni kwamba msuli huohuo ndio unaotusaidia kuona karibu. Bango la upande wa pili wa barabara nalisoma, tundu la sindano silioni kabisa! Wiki hizo nakata mapazia na mashuka, binti ninayemfundisha ananitungia sindano, na kazi ya kutarizi inasubiri. Miwani ya kusomea ya muda inasaidia kidogo.

Mwanga nao. Mashati meupe ya shule, jua la saa sita likiyapiga pale mlangoni, yalikuwa yananichoma kuliko taa yoyote. Nimegeuza cherehani, mgongo wangu uelekee mlango. Nje navaa miwani ya jua na kofia ya ukingo mpana, na sijali anayedhani ni mapambo.

Jambo la mwisho halafu niwaachie. Jicho likipoa, ugonjwa haujaisha. Steroidi inashushwa kwa ngazi: kila saa, kila saa mbili, mara nne kwa siku, mara tatu, mpaka moja, kwa wiki kadhaa, na anayeshusha ni daktari baada ya kutazama kwa ile mashine ya taa unayoegemeza kidevu. Yeye anaziona chembe za uvimbe zikielea ndani ya maji ya jicho. Wewe kwenye kioo unaona jicho jeupe tu.

Karibuni. Mwenye uzoefu aweke, mwenye swali aulize.

Makorora_Kwetu

Pole sana dada fundi, na asante. Swali: nitajuaje kwamba si red eyes ile ya kawaida? Mwaka 2024 nyumba nzima tuliugua na tulipona bila hospitali.

Boda_Chumbageni

Hata mimi. Januari 2024 ilianza kusemwa Dar, baadaye kila abiria ana miwani nyeusi. Mimi liliuma siku nne tano likaondoka.

FundiMadera_Tanga

Ile ya 2024 ilikuwa ya virusi, na ndiyo maana iliambukiza nyumba nzima. Ina maji mengi, tongotongo, asubuhi kope zimenata, jicho linawasha kama lina mchanga, lakini ukishafuta unaona vizuri. Yangu haina tongotongo. Wekundu unakolea kuzunguka duara jeusi, si kwenye kona. Kuna ukungu hata ukifuta. Na haiambukizi, mume wangu na watoto tunachangia taulo mwaka wa ngapi huu. Wakati ule wa red eyes ndipo nilipopata tabu kweli, maana yangu iliwaka wakati huohuo na kila mtu aliniambia tulia itaisha yenyewe.

Kitengo_cha_Macho

Nafanya kazi idara ya macho, sitataja wapi. Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, naomba nichangie hapo kwenye utofauti.

Alama moja ambayo watu hawaijui: mgonjwa wa uveitisi ya mbele ukimfunika jicho bovu na kumulika tochi jicho lisiloumwa, lile bovu lililofunikwa linauma. Sababu ni kwamba mboni zote mbili husinyaa pamoja hata ukimulika moja, na ile iliyovimba ikisinyaa inauma. Siwaambii mkajipime majumbani mkatoa hukumu. Nawaambia ili mgonjwa akisema "hata mwanga wa upande huu unaniuma kule" asionekane anaongeza chumvi.

Naomba pia niseme kuhusu matone ya steroidi kutoka dukani. Dawa anayotumia dada hapo juu ni dawa sahihi kwa ugonjwa wake, kwa sababu kuna mtu aliangalia kwanza. Jicho jekundu likiwa na kidonda cha virusi vya hepesi au fangasi kwenye kioo cha mbele cha jicho (konea), steroidi ileile inakikuza kidonda mpaka kioo kinatoboka. Tunawapokea. Mkulima kapigwa na jani la mahindi, kapewa matone yenye steroidi kwa sababu "yanatoa wekundu haraka", na kweli wekundu umetoka siku mbili, chini kidonda kinakula. Usiazime chupa ya jirani hata kama dalili mnafanana.

Pongwe_Juu

Mkuu hapo juu, chanzo chake ni nini hasa? Mimi nimepimwa damu mpaka nimechoka. Kifua kikuu, kaswende, VVU, picha ya kifua. Nilishangaa jicho na kaswende wapi na wapi, nikahisi nadharauliwa mbele ya mke wangu.

Kitengo_cha_Macho

Pole. Huo ulipaswa kuelezwa kabla ya sindano ya damu, na haki yako ni kuelezwa. Vyanzo viko makundi mawili makubwa. Kuna maambukizi: kifua kikuu, kaswende, toksoplasmosisi (ugonjwa wa kimelea), hepesi, mkanda wa jeshi ukitokea paji la uso na kushuka hadi puani. Na kuna kinga ya mwili kujigeuza, peke yake au pamoja na magonjwa ya viungo, ngozi au utumbo. Tunapima kundi la kwanza mwanzo kwa sababu tiba ya kundi la pili ni kuipunguza kinga. Nikikupa vidonge vya steroidi vya nguvu na ndani una kifua kikuu kimelala, nimekiamsha. Kaswende nayo inaweza kufanana na karibu aina yoyote ya uveitisi, na ina tiba ya uhakika, kwa hiyo kuiacha bila kupima ni dhambi. Hakuna anayekuhukumu ndoa yako.

Na wengi sana, baada ya vipimo vyote, chanzo hakipatikani. Hilo nalo ni jibu, tiba inaendelea.

Nikuulize: mgongo wako ukoje asubuhi?

Pongwe_Juu

Umejuaje? Nina miaka 29 na nikiamka siwezi kuinama kuvaa viatu. Nikitembea saa moja hivi unalegea. Nikilala ndiyo unazidi, usiku wa manane naamka nageuka. Nilidhani ni mizigo ya kiwandani.

Kitengo_cha_Macho

Mgongo wa mizigo ukipumzika unapata nafuu. Wako ukipumzika unazidi na ukitembea unalegea, ulianza ujanani, na una jicho linalowaka upande mmoja mmoja. Kuna ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya chini ya uti wa mgongo unaokwenda na uveitisi ya mbele, na mara nyingi jicho ndilo linaloutoboa siri. Mwambie daktari wako maneno haya uliyoandika hapa, kama ulivyoyaandika. Kuna kipimo cha damu cha alama ya kurithi inayoitwa HLA-B27. Kwa Waafrika weusi alama hiyo iko kwa wachache sana, kwa hiyo kipimo kikitoka hasi bado hakikutoi kwenye ugonjwa. Omba daktari wa viungo akuone, na nyonga zipigwe picha.

Pongwe_Juu

Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza mgongo kwenye kliniki ya macho, wala jicho kwenye kliniki ya mgongo. Nashukuru sana. Wallahi nashukuru.

BintiMuheza

Nasoma huku kwetu Muheza. Babu yangu alikulia juu kule Amani, kando ya mto Sigi, na macho yalimharibikia polepole. Tuliambiwa ni usubi. Huo nao ni uveitisi?

Kitengo_cha_Macho

Usubi unaweza kuleta uveitisi, ndiyo. Nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi wanaingiza minyoo mwilini. Minyoo wakubwa wanakaa kwenye vinundu chini ya ngozi na kuzaa vijidudu vingi mno vinavyotembea kwenye ngozi mpaka machoni. Vikifa ndani ya jicho, mwili unavijibu kwa uvimbe: kioo cha mbele, uvea, mpaka mshipa wa fahamu wa jicho. Usambara ni eneo la usubi linalojulikana siku nyingi, ndiyo maana mkoa wetu una wilaya zinazogawiwa ivermektini. Kampuni ya Merck inaitoa bure tangu 1987. Inaua vijidudu vidogo, mnyoo mkubwa haimuui, na anaishi miaka zaidi ya kumi, kwa hiyo lazima mtu ameze kila zamu ya ugawaji hata akijiona mzima. Wagawa dawa wakifika kijijini msijifiche mashambani.

BintiMuheza

Babu alikuwa anakataa, anasema zinamwasha mwili. Sasa ninaelewa kwa nini zilikuwa zinamwasha.

Mama_Sahare

Nimesita kuandika lakini niandike, kuna mzazi atasaidika.

Binti yangu alipokuwa na miaka minne goti lilivimba. Halikuwa na jeraha. Alikuwa anachechemea asubuhi, mchana anacheza rede na wenzie. Tukazunguka mpaka tukaambiwa ni baridi yabisi ya watoto. Daktari wa viungo akaandika rufaa ya macho. Mimi nikamwambia dokta, macho yake hayana shida, meupe, haumwi, anaona. Akanijibu kwa upole kwamba kwa watoto wa ugonjwa huu uveitisi inakuja kimya, jicho halibadiliki rangi, mtoto halii, na mtoto mdogo hajui kwamba haoni sawa, yeye anadhani watu wote wanaona hivyo.

Tukaenda. Alipowekewa kidevu kwenye ile mashine, dada fundi, uvimbe ulikuwemo macho yote mawili na mboni moja imeshaanza kunata. Mtoto niliyemtazama usoni kila siku nikimvalisha.

Sasa yuko shule, anavaa miwani, yuko kwenye methotreksati, dawa ya kupunguza kinga ya mwili, na anaangaliwa macho kila baada ya miezi michache hata kama hana lolote. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa viungo kuvimba, usisubiri jicho liwe jekundu. Omba aonwe.

FundiMadera_Tanga

Mama Sahare, nimekusoma nikasimamisha cherehani. Mungu amkuze binti yetu. Hii ya kwako naomba wasimamizi waibandike juu.

Makorora_Kwetu

Mimi nilikuja kuuliza red eyes tu, sasa nasoma kila neno.

Kijana_wa_Duga

Wakuu, kwetu jicho tunatibu kwa maziwa ya mama anayenyonyesha, au asali ya nyuki wadogo, au maji ya shabu. Bibi yangu ametibu watu wengi. Kwa nini msitaje na hizo?

FundiMadera_Tanga

Mdogo wangu, bibi namheshimu, na mimi nimelelewa na wa kwangu. Lakini ugonjwa huu uko ndani ya jicho, nyuma ya kioo. Maziwa yakidondoshewa juu hayafiki, ila bakteria waliomo wanafika kwenye kioo. Shabu inachubua. Red eyes inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi chochote utakachoweka, kwa hiyo dawa ya bibi inapata sifa. Uveitisi haikusubiri hivyo.

Kitengo_cha_Macho

Naunga mkono. Na kama mtu ameshaweka kitu jichoni, akifika aseme. Hatumgombezi. Tunataka kujua nini cha kutafuta.

Ust_Mabanda_ya_Papa

Assalaam aleikum. Ramadhani matone ya kila saa mnafanyaje? Nilimwona mzee mmoja ameacha dawa mwezi mzima kwa kuogopa funga yake.

FundiMadera_Tanga

Waaleikum salaam ustadh. Hili lilinisumbua nikamwendea shekhe wa msikiti wetu. Alinijibu kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi la kufikia ndani, kwa hiyo wanja na tone havibatilishi funga, hata kama utahisi ladha kooni. Nawe waulize wanazuoni wako utulie moyo. Na ule mtindo wa kubana kona ya jicho unapunguza hiyo ladha chungu.

Vidonge ni habari nyingine. Mwaka ambao nilikuwa kwenye vidonge vya prednisoloni daktari alinihamishia dozi kwenye daku, nameza na chakula. Mwenye sukari azungumze na daktari kabla ya kufunga, maana vidonge vile vinapandisha sukari. Yule mzee mwambie asiache. Mwezi mzima bila dawa, jicho linaweza lisimsubiri mpaka Idi.

Ust_Mabanda_ya_Papa

Barakallahu fiki. Nitamfikishia leo baada ya Alasiri.

Pwani_Mwambani

Mimi ni wa nyuma, dada fundi, ule unaokutisha. Hakuna wekundu. Nilianza kuona vijidoa vinapita nikiwa baharini, nikadhani ni ndege. Baadaye sura za watu zikawa na ukungu katikati, nikiwatazama nawaona masikio siwaoni pua. Retina ilikuwa imejaa maji. Matone huku nyuma hayafiki vya kutosha, nilichomwa sindano pembeni ya jicho na kupewa vidonge.

Uvimbe ulishuka, kisha steroidi ikaleta yake. Uso ulivimba, usingizi ukapotea, na jicho la kushoto likaota mtoto wa jicho. Nilitaka kufanyiwa upasuaji palepale. Daktari akasema mpaka jicho likae kimya angalau miezi mitatu mfululizo, vinginevyo upasuaji wenyewe unaamsha moto. Nilingoja, na nashukuru nilingoja. Nimerudi baharini ila sivui usiku.

Mama_Sahare

Kwako hawakukupa methotreksati? Kwa mwanangu ndiyo iliyomtoa kwenye steroidi.

Pwani_Mwambani

Walinipa. Nameza Ijumaa tu, na siku zinazofuata nakunywa asidi foliki.

Kitengo_cha_Macho

Hapo kwenye Ijumaa paandikwe kwa wino mzito. Methotreksati ya uveitisi ni MARA MOJA KWA WIKI. Kuna watu wameimeza kila siku kwa kusoma vibaya karatasi na imewaua. Chagua siku, mwambie na mtu wa nyumbani. Inachukua wiki nyingi kuonyesha kazi, inaweza kufika miezi mitatu, kwa hiyo usiivunjie moyo. Damu inapimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Pombe weka mbali. Mwanamke anayetaka kushika mimba azungumze na daktari mapema, dawa hii inaharibu mimba.

Ikishindikana kuna nyingine, azathioprini na mikofenolati. Kuna pia sindano ya adalimumabu iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya kwa uveitisi mwaka 2016. Inafanya kazi, lakini kwa mtu wa kawaida hapa bei yake ni ukuta.

Boda_Chumbageni

Marehemu baba alikuwa mkata mkonge. Mwiba ulimtoboa jicho moja, la pili likaja kufa baadaye bila kuguswa na kitu. Watu walisema alirogwa. Kuna maelezo ya kitabibu?

Kitengo_cha_Macho

Pole kwa msiba ndugu yangu. Sikumwona baba, siwezi kusema kwa hakika lilikuwa nini. Lakini ndiyo, ugonjwa wa namna hiyo upo. Jicho likitobolewa, vitu vya ndani ya uvea ambavyo kinga ya mwili haijawahi kukutana navyo vinatoka nje. Kinga inavichukulia kama adui, halafu inakwenda kuvishambulia vilevile kwenye jicho lililobaki zima. Ni uveitisi ya macho yote mawili. Mara nyingi inaanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na inaweza kuchelewa hata miaka. Ni nadra, ila ipo.

Louis Braille, yule Mfaransa wa maandishi ya nukta nundu, aliyezaliwa mwaka 1809, alijichoma jicho moja na chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu. Alipofika mitano alikuwa haoni macho yote. Madaktari wengi wa leo wanaamini kilichomla jicho la pili ni ugonjwa huohuo. Watoto wa shule ya wasioona ya Irente, Lushoto, wanasoma kwa nukta zake.

Kwa hiyo mfanyakazi wa mashamba ya katani, au fundi wa kuchomelea, jicho likitobolewa usilisugue, usilioshe kwa nguvu, usiweke tone. Lifunike na kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha plastiki, uende. Likishashonwa, jicho lile zima likianza kuona ukungu au kukataa mwanga siku yoyote ile, rudi.

Boda_Chumbageni

Nimemtumia mama uzi huu. Ana miaka anasikia yale maneno ya watu.

Korogwe_Manundu

Wakuu nisaidieni haraka. Mama mdogo wangu ana siku kadhaa jicho jekundu, linauma mpaka kichwa, amejifungia chumbani na kanga dirishani, leo ametapika. Anatumia matone ya dukani. Nimpeleke wapi?

FundiMadera_Tanga

Dada, leo. Usisubiri Jumatatu. Kutapika na kichwa inaweza kuwa presha ya jicho imepanda. Hospitali yoyote ya karibu yenye mtaalamu wa macho kwanza. Wakisema apande juu, huku Tanga kuna hospitali ya Bombo, na wengine tumepelekwa hospitali za KCMC Moshi au CCBRT Dar. Beba kila dawa aliyotumia, na chupa tupu, na kadi zake zote za hospitali.

Kitengo_cha_Macho

Sahihi. Na asiendelee na tone lolote la dukani njiani.

Korogwe_Manundu

Tumefika, ameonwa. Wamesema ni uvimbe wa ndani, mboni imenata, na presha ya jicho imesoma 34.

FundiMadera_Tanga

Alhamdulillahi mmefika. Ya kawaida ni 10 hadi 21, kwa hiyo hiyo 34 iandike na tarehe kwenye daftari, kila mara atakapopimwa uandike. Itakusaidia kuona kama steroidi yenyewe ndiyo inayoipandisha baadaye.

Korogwe_Manundu

Nimeandika. Wamempa la kila saa, la kupanua mboni, na timololi asubuhi na jioni ya kushusha presha. Kurudi Alhamisi.

Kitengo_cha_Macho

Mama ana pumu? Timololi inaweza kumbana kifua mtu wa pumu, hata ikiwa ni tone la jicho. Kama anayo waambie, ziko dawa nyingine za kushusha.

Korogwe_Manundu

Anayo, anatumia ya kuvuta. Hatukuitaja, tulikuwa tunaongelea jicho tu. Bado tuko kwenye foleni ya dawa, narudi kwa daktari sasa hivi.

FundiMadera_Tanga

Nenda. Ukitoka tuandikie wamembadilishia ipi.